Kihamba Hakijitunzi

Wako watu wenye elimu, nao si wachache, washikao ya kwamba mmea wa kudumu ni mmea wa kazi moja. Mahindi, wasema, humtaka mkulima kila mwaka: alime, apande, apalilie, avune, kisha aanze tena kama mtu asiyepata kufanya lolote, bali mgomba na mkahawa hupandwa mara moja, na tangu siku hiyo mpandaji hukaa kivulini akingoja kuchuma. Neno lenyewe "kudumu" limewadanganya. Wamelichukua kuwa ni ahadi iliyotolewa na mmea, hali ni deni alilojitwika mpandaji. Rai hii ingekuwa kosa dogo la kusameheka kama ingalibaki katika mazungumzo ya barazani. Lakini imekwisha kuwa msingi wa sifa, wa mashauri na wa ugawanyaji wa urithi, na mahali ilipoleta madhara yaonekanayo kwa macho ni katika bustani za nyumbani za miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ziitwazo vihamba.

Kihamba si shamba, na Mchaga hachanganyi maneno hayo mawili. Shamba ni kipande cha tambarare, chini ya mlima, ambako mahindi, maharagwe na ulezi hupandwa wakati wa mvua na kwisha pamoja na mvua. Kihamba ni ardhi izungukayo nyumba, huko juu, baina ya mita 900 na 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari. Nyumba imo ndani yake, zizi limo ndani yake, na makaburi ya wazee yamo ndani yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 na Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe ulikuta ya kwamba kihamba cha wastani kilikuwa na hekta 0.68, yaani ekari moja na theluthi mbili hivi. Na katika vihamba vilivyochunguzwa zilihesabiwa aina zaidi ya 100 za mimea. Utajiri huo hautoshei katika eneo dogo namna hiyo ila kwa kupangwa kwenda juu. Juu kabisa husimama miti: mruka, ambao ni wa jamii ya kunde na hurutubisha udongo, mringaringa, wenye mbao njema, msesewe, ambao gome lake hutiwa katika pombe ya mbege, na mgrevilea, mgeni kutoka Australia. Chini ya miti ni migomba. Chini ya migomba ni mikahawa. Chini ya mikahawa ni magimbi, maharagwe na mboga, na viazi vikuu hutambaa juu ya vigogo vya miti. Mpakani husimama masale, ambayo jani lake ni ombi la msamaha baina ya waliogombana.

Mgeni apitaye njiani huona msitu. Aghalabu husema ya kwamba Mungu amewabariki watu wa mlimani, kwa maana kila kitu huota chenyewe. Maneno hayo ni matamu, nayo ni uongo.

Na aanzwe mgomba, kwa kuwa ndio mwenye nyumba. Mgomba haudumu. Kila shina la mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hufa. Hapana shina lililopata kuzaa mara mbili. Kinachodumu ni tunguu lililo chini ya udongo na ukoo wa machipukizi yatokayo humo, na ukoo huo haujui kujipanga wenyewe. Ukiachwa, shina moja litazungukwa na machipukizi saba au kumi, yote yakigombea maji yale yale na samadi ile ile, na mwisho wake ni kichaka cha majani mengi na mikungu ya kutia haya. Mlezi wa migomba huruhusu watatu tu katika kituo kimoja: mzazi aliyebeba mkungu, mtoto atakayemfuata, na mjukuu aliye mdogo. Wengine wote hukatwa. Wala hakati kwa kufuata ukubwa, kwa sababu ukubwa hudanganya. Chipukizi lenye majani mapana mapema huvutia jicho, lakini halikushikamana sawasawa na mzazi wake na nguvu zake ni chache. Lile lenye majani membamba kama upanga ndilo la kuachwa. Hutazama pia upande lilikotokea, maana kila kizazi huhamisha kituo kwa hatua ndogo, na ukoo uliopangwa ovyo, baada ya miaka, utakuwa umetembea mpaka umeingia katika mikahawa au umesimama mlangoni pa jirani kama mdai.

Mkungu ukivunwa kazi haijakwisha. Gogo lililozaa hukatwa, hupasuliwa na kutandazwa likauke, au hupewa ng'ombe, kwa sababu gogo bichi lililoachwa zima ni nyumba ya fukusi. Fukusi huyu hutaga mayai chini ya shina, na watoto wake hutoboa tunguu mpaka mgomba huanguka kwa upepo mdogo, mkungu wake haujakomaa. Majani makavu huondolewa na kutandikwa chini yafunike udongo. Mkungu mzito huegemezwa mti. Samadi huletwa. Kazi hizi hazina msimu wa kuanza wala wa kumaliza. Kila juma lina mgomba wake utakao jambo. Mkulima wa mahindi ana miezi ya kupumzika. Mlezi wa migomba hana, na mtu asemaye ya kwamba huyu wa pili ndiye mwenye raha hakupata kushika panga ila siku ya kukata utepe.

Mkahawa una hila yake nyingine. Tawi la mkahawa wa arabika huzaa juu ya sehemu changa iliyokua msimu uliotangulia; kifundo kilichokwisha kuzaa hakizai tena. Kwa hiyo mkahawa usiopogolewa husukuma matunda yake mwaka kwa mwaka kuelekea nchani mwa matawi na kwenye kilele, mpaka mchumaji hutafuta ngazi ili apate kile alichokuwa akikipata amesimama. Katikati ya mti hubaki giza na unyevu, na humo maradhi hupata kitanda. Mwenye kujua hupunguza matawi ili hewa na nuru vipite. Shina likizeeka hulikata kabisa, kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, kwa mkato wa mshazari ili maji yasituame, kisha huchagua machipukizi mawili au matatu yawe mashina mapya. Mwenye kukata hivyo hukubali kukosa mavuno ya mti ule kwa miaka miwili hivi. Hapa ndipo penye mtihani. Mtu asiye na hakika kwamba mwaka wa tatu utamkuta bado yu mwenye mti ule hataukata, hata akifundishwa na mabwana shamba kumi, wala si mjinga kwa kukataa.

Yako mengine ya kutajwa kwa ufupi: ng'ombe wa zizini, ambaye haendi malishoni bali malisho humjia, majani na mabua yakipandishwa kutoka tambarare kwa vichwa vya wanawake, mfongo, yaani mfereji wa maji uletao maji kutoka mito ya mlimani, ambao usipozibuliwa kwa ushirikiano wa wote hukauka kwa wote, na miti ya juu, ambayo isipopunguzwa matawi hugeuka kutoka mlinzi kuwa mwizi wa nuru.

Shutuma ya kutotunza si mpya mlimani. Katika miaka ya 1920 masetla wa Kizungu waliokuwa na mashamba ya kahawa huko Kilimanjaro walipinga Waafrika kuilima, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba mikahawa ya Wachaga haitatunzwa, na kwa hiyo itakuwa kituo cha wadudu na maradhi. Hoja ile ilitoka katika tamaa, ila ilipata jibu la vitendo. Wachaga waliunda chama chao katika mwaka 1925, Kilimanjaro Native Planters' Association, kutetea haki yao ya kupanda na kupambana na wadudu na maradhi ya kahawa. Katika mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama cha ushirika kijulikanacho hata leo kwa jina la KNCU. Wale wazee hawakusema ya kwamba mkahawa ni mmea wa kudumu na kwa hiyo utajitazama. Walijua ya kwamba mkahawa mmoja ulioachwa ni madhara kwa mikahawa ya kijiji kizima.

Wapinzani watasema, na wana haki ya kusema, ya kwamba kahawa haikuuawa na uzembe bali na bei. Ni kweli ya kwamba mgawo wa mauzo chini ya Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa ulivunjika mwaka 1989 na bei ikaanguka. Ni kweli pia ya kwamba biashara ya kahawa ilipofunguliwa nchini Tanzania katika miaka ya 1990, ule mpango wa zamani wa mkulima kupewa dawa kwa mkopo na ushirika ulidhoofika, na chulebuni, maradhi yaliyoingia tangu miaka ya 1960, yakapata nafasi. Hayo yote yakubaliwe. Lakini bei haielezi jambo moja. Katika vihamba vile vile, katika miaka ile ile, juu ya udongo ule ule, mkahawa uliachwa na mgomba haukuachwa. Kwa nini? Husemwa kwamba mgomba huliwa na kahawa hailiwi. Jibu hili ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba ndizi na maziwa, kwa desturi ya mlimani, vilikuwa katika mikono ya wanawake, nao ndio wabebao mikungu kwenda masokoni, Mwika na Marangu na kwingineko, na kurudi na fedha walizozipata wenyewe. Kahawa ilihesabiwa mali ya mume. Jina lililoandikwa katika daftari ya ushirika lilikuwa jina lake, ingawa mikono iliyopalilia, iliyobeba samadi na iliyochuma mara nyingi haikuwa yake. Bei ilipoanguka, mwenye jina alikwenda kutafuta kazi mjini, na mwenye mikono aliulinda mmea ambao faida yake ilimfikia. Mmea ule uliokuwa na mlezi mwenye haki ndani yake ndio uliodumu. Mwenye kutaka kujua siri ya kudumu kwa mimea na aanzie hapo, kabla hajaenda kupima udongo.

Sasa imekuja desturi ya kukisifu kihamba. Katika mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba vya Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye maana kwa ulimwengu, na heshima ile ilistahili. Tangu hapo hotuba ni nyingi. Kila mwezi wa Desemba barabara za kwenda Moshi na Rombo hujaa magari ya wana wa mlimani wanaorudi kwao. Hula mtori, hunywa mbege, hupiga picha chini ya migomba, na huambizana ya kwamba hapana mahali kama nyumbani. Mama mzee huulizwa, "Mama, migomba haijambo?" naye hujibu kwa adabu ya kimama ya kwamba haijambo. Mwezi wa Januari haujafika kati, magari yamekwisha shuka, na kihamba kimebaki na mama yule na kibarua wa siku mbili kwa juma. Kumpenda mama kwa juma moja na kumwachia ekari nzima kwa majuma hamsini na moja ni upendo wa namna gani? Wengine wamevuka hapo. Hujenga nyumba kubwa juu ya kihamba cha babu, huing'oa migomba kwa kuwa yaficha nyumba isionekane njiani, hutandaza matofali, na pale palipobaki hupanda nyasi za kukatwa kwa mashine, ambazo ng'ombe haruhusiwi kuzila. Ajabu ni kwamba nyasi hizi zina mtumishi wake wa kila siku, mwenye mshahara, na mpira wa maji. Kumbe fedha ya kutunza mmea wa kudumu haikukosekana. Kilichokosekana ni heshima kwa mmea uliokuwapo.

Hapa hapana budi kuulizwa kihamba ni cha nani. Kwa mila ya Kichaga mwana wa kwanza na mwana wa mwisho ndio waliopendelewa katika urithi wa ardhi, na kitinda mimba ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi. Binti hakutarajiwa kupata, kwa kuwa ataolewa. Mke hutumia ardhi ya mumewe, na akifiwa hukaa kwa kuvumiliwa na mwanawe au na ndugu wa marehemu. Maana yake ni kwamba ajuaye ni chipukizi gani liachwe, ni mgomba gani una fukusi na ni lini samadi imekwisha kuoza, huyo ndiye asiye na neno lolote juu ya kesho ya ardhi ile. Na kesho ndiyo kitu cha kwanza ambacho mmea wa kudumu humtaka mpandaji wake. Maharagwe hayamwulizi mtu kama atakuwapo mwakani. Mkahawa huuliza.

Sheria imekwisha kusema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na ikatangaza ya kwamba mila imnyimayo haki hiyo ni batili. Hata kabla yake, katika mwaka 1990, Mahakama Kuu kwa kauli ya Jaji Mwalusanya iliamua katika shauri lililotoka Bukoba ya kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi aweza kuiuza kama auzavyo mwanamume. Na vibanja vya Wahaya, bustani za migomba na kahawa, ni ndugu wa karibu wa vihamba. Lakini hukumu na kifungu havishuki vyenyewe kutoka katika kitabu hadi kwenye masale ya mpaka. Hubebwa na watu, hasa na wale wana wenye elimu warudio Desemba, ambao wangeweza kuketi na baba zao wakingali hai na kuandika majina ya dada zao. Wengi wao hawafanyi hivyo. Hutoa hotuba juu ya mazingira.

Husemwa ya kwamba binti akipewa kihamba, ardhi ya ukoo itakwenda kwa watu wengine. Basi na ihesabiwe ni ardhi kiasi gani imekwisha kwenda kwa watu wengine kwa mikono ya wana wa kiume, kipande kwa kipande, ili kulipa deni au kununua gari. Ukoo unaoogopa shemeji na hauogopi mnunuzi haulindi ardhi. Walinda desturi ya kutowasikiliza wanawake.

Wako wapinzani wa kundi la mwisho, wasiokisifu kihamba hata kidogo. Hawa ni waaminifu zaidi. Husema ya kwamba zamani zake zimepita; vipande vimegawanywa mpaka havitoshi; heri miti ikatwe, mikahawa ing'olewe, zipandwe nyanya na mahindi ya kuuzwa upesi. Juu ya udogo wa vipande hawakukosea. Mahali palipobaki robo ekari kwa nyumba ya watu sita hapawezekani kudaiwa tabaka zote za kale, na mwenye pale anayo haki ya kuchagua mgomba akaacha mkahawa. Lakini ushauri wao juu ya mteremko ni wa hatari. Shamba la mazao ya msimu huwa tupu wakati wa kupanda, na wakati wa kupanda ni pale mvua za masika zinapoanza, mwezi wa Machi, kwa nguvu zote. Katika kihamba tone la mvua hugonga jani la mruka, kisha jani la mgomba, kisha jani la mkahawa, kisha majani makavu, ndipo lifike udongoni limekwisha choka. Katika shamba tupu la mteremko hufika na nguvu zake zote, na udongo ulioliwa na mvua moja hauletwi tena na gunia la mbolea. Nyanya zitauzwa mwaka huu na mwakani. Baada ya hapo mwenye shamba atauza nini?

Na mikahawa mipya ipo. Taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, mahali ambapo utafiti wa zao hili ulianza tangu mwaka 1934, imetoa kuanzia mwaka 2005 aina zenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani, ambazo humpunguzia mkulima gharama ya dawa. Mche wake hutaka shimo lililochimbwa mapema na kutiwa samadi, kivuli cha muda, matandazo, na maji katika kiangazi cha kwanza, ndoo kwa ndoo, mfongo ukiwa mbali. Hutaka miaka mitatu hivi kabla ya kutoa mavuno ya kuhesabika. Aulizaye miche hiyo yapatikana wapi ataonyeshwa njia ya kwenda Lyamungu. Aulizaye ni nani atakayechota ndoo hizo, na jina la nani litaandikwa katika daftari mwaka wa tatu, itampasa aulize nyumbani kwao, kabla magari ya Januari hayajashuka.